Bustani za chumvi za Kibiro zihesabiwe kuwa mali ya wenyewe

Ndugu Mhariri,

Habari nyingi zinazoandikwa siku hizi kuhusu ukingo wa Ziwa Albert ni za mafuta: visima vya Buliisa, mitambo ya Kingfisher, bomba la kwenda Tanga. Katikati ya habari hizo kuna kijiji kimoja cha ufukweni, Kibiro, katika gombolola ya Kigorobya, wilaya ya Hoima, Uganda, ambacho hutajwa pale tu mgeni anapotaka kupiga picha chemchemi ya maji moto. Tunaandika kwa sababu mali kuu ya kijiji hicho ni udongo wa kutengenezea chumvi, na asiyeujua udongo huo akiutazama huona tope tupu lisilo na mwenyewe. Mtu mwenye jicho hilo akishika kalamu ya upimaji, au akiandika hasara ya mafuriko, au akikadiria fidia, mali ya watu hupotea bila hata yeye kujua kwamba kuna kilichopotea.

Kibiro imebanwa pande mbili. Nyuma yake kuna ukuta wa Bonde la Ufa, unaopanda kwa mamia ya mita; mbele yake kuna ziwa. Kati ya ukuta na maji umebaki ukanda mwembamba wa ardhi tambarare, na humo ndimo watu walimojenga. Mvua huku chini ni haba kuliko juu Kigorobya, na ardhi yenyewe ina chumvi, kwa hiyo muhogo, mahindi na migomba havipati nafasi ya maana. Chakula cha shambani karibu chote hushuka kutoka juu, na cha kukilipia hupanda mlima kwenda sokoni: samaki na chumvi. Samaki ni kazi ya wanaume. Chumvi ni ya wanawake, na ndiyo iliyokifanya kijiji hiki kiwe na historia ndefu kuliko miji yetu mingi.

Chini ya ukuta huo maji moto hububujika kutoka kwenye nyufa za miamba. Chemchemi kuu inaitwa Mukabiga, na joto lake hufikia nyuzi 86 hivi za Selsiasi, yaani mkono hauwekwi. Maji hayo hutiririka kuelekea ziwani, na kandokando ya njia yake ndipo zilipo bustani. Tunasema bustani kwa sababu hutunzwa kama bustani, ingawa hakuna kinachooteshwa. Kila jani linalochipua hung'olewa. Kila kipande kimewekewa mipaka ya mawe, na kila mpaka una mwenyewe anayejulikana kwa jina. Mwanamke huirithi kutoka kwa mama yake au jamaa wa kike, akaja kumwachia binti yake. Kuna mwenye kipande kimoja na kuna mwenye kadhaa.

Kazi hufanywa siku za jua. Asubuhi mwenye bustani huchukua udongo mkavu, uliopondwa ukawa laini, akautandaza tabaka jembamba juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi. Jua likishika, maji ya chini hupanda ndani ya udongo ule kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Yakifika juu hukauka, na chumvi iliyokuwa ndani yake hubaki imeshikana na chembe za udongo. Jioni udongo wote hukwanguliwa kwa kipande cha chuma na kukusanywa marundo. Kesho yake marundo yale hubomolewa, mabonge hupondwa, udongo hutandazwa tena palepale. Hurudiwa hivyo siku kadhaa, na kila siku udongo huzidi kukolea. Kipimo ni ulimi.

Ukisoma hatua hizo harakaharaka utadhani ni kazi nyepesi. Uzito wake uko kwenye vipimo ambavyo havijaandikwa popote. Tabaka likiwa nene, sehemu ya juu haipati unyevu na ya chini haikauki, siku inapita bure. Likiwa jembamba mno, upepo wa ziwani huubeba udongo, na huo ni udongo uliokwisha kushika chumvi ya jana na juzi. Ardhi ya chini ikikauka kabisa, hakuna cha kupanda juu. Ndiyo maana kijito huelekezwa kwa vijifereji na mawe ili unyevu ufike kwenye vipande vilivyo mbali. Ikiloa kupita kiasi, udongo mkavu hugeuka tope, hushikamana na ardhi, na kuukwangua tena ni kuukwangua pamoja na uchafu wa chini. Mbuzi na ng'ombe nao huifuata chumvi. Wakiachwa huchimba kwa kwato na kulamba, na kipande kilichosawazishwa vizuri huwa mashimo. Hasara kubwa kuliko zote ni mvua ya ghafla ya alasiri ikaukuta udongo bado umetandazwa. Dakika chache zinatosha kuiyeyusha chumvi ya siku tatu au nne na kuirudisha ardhini. Kwa hiyo wanawake wa Kibiro huyatazama mawingu ya upande wa Kongo kwa makini kuliko mvuvi.

Udongo ukikolea hubebwa hadi kwenye kibanda cha kuchujia. Hapo huwekwa chombo chenye matundu chini, zamani chungu, siku hizi mara nyingi bati au plastiki, na chini ya udongo huwekwa nyasi ili maji yapite na tope libaki. Maji humiminwa polepole kwa juu, yakatona kwenye chombo cha chini yakiwa yamebeba chumvi. Udongo ukishindiliwa sana, maji husimama juu yasipite. Ukiachwa mlegevu, maji hujitafutia njia moja na kushuka upesi bila kuchukua chumvi ya pembeni. Nyasi zikikaa vibaya, tope hushuka na chumvi itakayopatikana itakuwa na rangi ya udongo hata ichemshwe vipi. Matone ya mwanzo ndiyo makali. Kadiri maji yanavyoongezwa ndivyo yanavyozidi kuwa mepesi, na anayejua kazi husimama mapema badala ya kujaza chombo kwa maji hafifu yatakayokula kuni zake.

Maji hayo huchemshwa juu ya mafiga mpaka yakauke. Zamani yalichemshwa kwenye vyungu, sasa ni masufuria au karai za bati. Vyombo vya chuma huwahi kuchemka, lakini chumvi huvila, na chombo kilichoanza kuoza huacha kutu ndani ya chumvi. Mwishoni moto lazima upunguzwe na chumvi igeuzwegeuzwe, la sivyo hushika chini na kuungua. Maji machache yanayobaki mwisho kabisa huwa na uchungu, na chumvi ikikaushwa nayo yote hubaki na ladha kali na huvuta unyevu wa hewa. Ikiwekwa gunia siku za mvua, hulowa. Kwa hiyo chumvi nzuri huachwa idondoshe maji hayo kwanza.

Na ule udongo uliokwisha kuchujwa? Hautupwi. Hurudishwa bustanini, ukaanikwa, ukapondwa, ukatandazwa tena. Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wenu watulie kidogo. Udongo unaotandazwa leo Kibiro umekwisha kupita kwenye vyombo vya kuchujia mara zisizohesabika, ukiwa mikononi mwa mama, bibi na bibi wa bibi. Umepondwa na kuchekechwa mpaka ukawa laini wa kiasi kinachofaa. Haupatikani kwa kuchimba shimo mahali pengine ukajaza lori. Ni kitu kilichotengenezwa, sawasawa na nyumba au mtumbwi.

Thamani yake inaweza kuonyeshwa kwa hesabu. Maji ya chemchemi za Kibiro yana gramu 4 hadi 5 za madini yaliyoyeyuka kwa kila lita, na sehemu kubwa ni chumvi ya kawaida. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi. Mtu akitaka kilo moja ya chumvi kwa kuchemsha maji ya chemchemi moja kwa moja, atahitaji lita 200 hadi 250, yaani majerikeni kumi hadi kumi na mawili na nusu ya lita 20. Kwenye mafiga matatu, ambapo joto kubwa hupotea pembeni, lita moja kukauka kabisa hula takriban kilo moja ya kuni kavu. Kilo moja ya chumvi ingekula zaidi ya kilo 200 za kuni. Hakuna soko linaloweza kulipa gharama hiyo, na ukuta wa mlima ungebaki mtupu ndani ya miaka michache. Lakini maji yakichujwa kutoka kwenye udongo uliokolea hata yakafikia gramu 150 kwa lita, ambayo ni nusu tu ya kiwango ambacho maji hushiba chumvi, lita saba zinatosha. Tofauti yote hiyo inalipwa na jua kupitia udongo. Bustani ndiyo inayoiwezesha kazi hii kuwapo, na ndiyo inayoizuia isile msitu wote.

Hata hivyo inakula kuni, na tusilifiche hilo. Miteremko iliyo karibu imekwisha kukatwa vya kutosha, na kuni za leo hutoka mbali au hununuliwa. Kuni zikipanda bei, faida ya chumvi huisha hata kama jua lipo. Kuna jambo jepesi ambalo halijafanywa vya kutosha: majiko ya udongo yaliyozibwa pembeni, yenye mlango wa hewa na dohani, yaliyojengwa kwa upana wa karai zenyewe. Jiko linaloizingira karai vizuri hupunguza kuni kwa sehemu kubwa, na udongo wa kulijengea uko. Mtaalamu yeyote wa majiko anayetafuta mahali pa kuonyesha faida ya kazi yake aende Kibiro, maana huku moto hauwashwi kwa chakula cha saa moja, huwashwa kutwa.

Tuseme pia juu ya madini joto. Sheria za Uganda tangu miaka ya 1990 zinataka chumvi ya mezani iwe na madini joto, ili kuzuia tezi la shingo na madhara kwa mtoto aliye tumboni. Chumvi ya Kibiro haitiwi. Wengi huinunua kwa ajili ya mifugo, kwa kukaushia samaki, na kwa mapishi ambayo wazee wanasema hayaendi na chumvi ya dukani. Kwa matumizi hayo haina neno. Lakini mama mjamzito asiitegemee peke yake. Kuiongezea madini joto inawezekana kwa kuinyunyizia mmumunyo hafifu wa potasiamu iodeti baada ya kukauka na kuichanganya sawasawa. Kinachohitajika ni mafunzo, mizani ndogo na mtu wa kupima. Anayewaambia wanawake hawa kwamba chumvi yao haifai, kisha akaondoka, hajawasaidia kitu.

Sasa historia, kwa sababu bila hiyo madai yetu ya umiliki yanaweza kuonekana ya jana. Mwaka 1989 na 1990 mwanaakiolojia Graham Connah na wenzake walichimba katika makazi ya Kibiro wakakuta tabaka za majivu, vigae vya vyungu na mifupa ya samaki zenye kina cha zaidi ya mita tatu. Vipimo vya umri vilionyesha kwamba watu wamekuwa wakiishi na kufanya kazi hapo tangu karne za mwanzo za milenia iliyopita. Hayo majivu na vigae ni mabaki ya watu wa kijiji hikihiki. Ukitembea leo kati ya nyumba utaviona vigae hivyo vimechomoza njiani na kwenye kingo za vijito. Bunyoro, ufalme wa eneo hili, ilipokuwa dola lenye nguvu, biashara yake ilisimama juu ya majembe ya chuma na chumvi, na chumvi hiyo ilitoka Kibiro na Katwe. Ilifungwa, ikapandishwa mlima kwa kichwa, ikabadilishwa kwa nafaka, ndizi na mbuzi; nyingine ilivuka ziwa kwa mitumbwi.

Msafiri Mwingereza Samuel Baker, aliyefika ziwani mwezi Machi 1864 kule Mbakovia, kusini zaidi, alikuta huko pia watu wakiishi kwa uvuvi na chumvi. Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kule kaskazini, alifika Kibiro kwa meli ya moshi katika miaka ya 1880 na akaeleza jinsi chumvi ilivyokuwa ikifanywa. Ukilinganisha maelezo ya enzi zile na kazi ya leo, kilichobadilika hasa ni vyombo. Mwaka 1891 Lugard, kapteni Mwingereza, aliitwaa Katwe na kuweka ngome huko, na Mukama (mfalme) Kabalega wa Bunyoro akanyang'anywa chanzo chake kikubwa cha chumvi. Mwaka 1894 majeshi ya Mwingereza Colvile nayo yalifika Kibiro na kuweka kituo. Vita vile viliteketeza Bunyoro: watu walikufa, wakakimbia, mashamba yakarudi pori. Bustani za Kibiro zilibaki kazini.

Inafaa kuilinganisha na Katwe ya baadaye. Kule Kasese, kuanzia miaka ya 1970, kilijengwa kiwanda kikubwa kwa mkopo wa nje ili kuchakata chumvi ya ziwa la volkano. Mabomba yaliliwa na maji yale makali, kiwanda kikasimama, na magofu yake yapo hadi leo. Watu wa Katwe wakaendelea na vidimbwi vyao vya kuanikia. Tunalitaja hilo kwa sababu kila baada ya muda hutokea mtu mwenye wazo la kuiboresha Kibiro kwa mtambo. Aulize kwanza bati la karai hudumu kwa muda gani kabla ya kuoza.

Kuhusu uvuvi tutasema machache, maana magazeti yameuandika sana. Mwalo wa Kibiro, kama mialo mingine ya Ziwa Albert, umehama kutoka sangara na ngege kwenda samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, muziri na ragoge, ambao huanikwa na kupelekwa mbali, hata Kongo na Sudani Kusini. Wavuvi hutoka pande zote, Wagungu, Waaluri, Wanyoro, Wakongo, na Kiswahili husikika mwaloni asubuhi hadi usiku. Wavuvi huhama samaki wakihama. Wenye bustani hawahami, na ndio wanaokifanya kijiji kiwe kijiji badala ya kambi.

Tatizo lililotusukuma kuandika ni maji na karatasi. Maji kwanza. Ziwa Albert limepanda kwa kishindo mara mbili ndani ya kumbukumbu za watu walio hai: mapema miaka ya 1960, lilipoiharibu bandari ya Butiaba, na tena kuanzia mwishoni mwa 2019 na kuendelea 2020 na 2021, mialo mingi ilipofunikwa na familia nyingi zikahama. Kibiro nayo iliguswa, bustani za upande wa chini zikaingiliwa na maji. Nyumba ikifunikwa, mwenyewe anaweza kuonyesha ukuta na bati. Bustani ikifunikwa, maji baridi ya ziwa huiyeyusha chumvi ya juu, mawimbi huleta mchanga juu ya udongo laini, na mawe ya mipaka huzama au kusukumwa. Maji yakirudi nyuma, kazi ya kufufua ni kuondoa mchanga huo kwa mkono bila kukwangua udongo wa asili, kurudisha vijifereji ili maji moto yaitie ardhi chumvi upya, kisha kuanza kutandaza udongo mkavu ambao huenda uliokolewa au haukuokolewa. Anayeandika orodha ya hasara za mafuriko, na akaandika nyumba, vyoo na mitumbwi tu, ameacha kilicho kikubwa.

Basi jambo dogo la dharura: kipimo cha maji ya ziwa kikianza kupanda, kitu cha kwanza kuhamisha ni marundo ya udongo uliokolea. Magunia ya kuuwekea na sehemu iliyoinuka ya kuuhifadhi vinapaswa kuwepo kabla ya maji. Ofisi za maafa hutoa mahema na maharage. Zitoe na magunia.

Sasa karatasi. Ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 inasema mtu asinyang'anywe mali yake kwa manufaa ya umma bila fidia ya haki, inayotosha, na inayolipwa kabla. Ibara ya 237 inatambua umiliki wa kimila, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inaruhusu hati ya umiliki huo. Kwa maneno hayo bustani za Kibiro zina ulinzi. Lakini ibara hiyohiyo ya 237 inaweka maziwa ya asili, mito na ardhi oevu chini ya udhamini wa serikali. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinaweka mita 200 za ulinzi kutoka kwenye maji ya maziwa makubwa, na Ziwa Albert limo. Ibara ya 244 inakabidhi madini kwa serikali, isipokuwa udongo wa mfinyanzi, kifusi, mchanga na mawe ya kujengea. Chumvi haimo kati ya vilivyoachwa nje. Weka bustani ya Kibiro katikati ya hayo: iko kwenye ardhi yenye maji, iko karibu na ziwa, inatoa madini. Afisa mmoja anaweza kusema kwa nia njema kabisa kwamba ni ardhi oevu, wa pili akasema ni eneo la ulinzi wa ufuko, wa tatu akasema ni machimbo, na mwenye bustani akabaki hana kitu mkononi.

Na fidia je? Bodi za ardhi za wilaya hutunga orodha ya viwango kwa mazao na majengo yasiyo ya kudumu. Watu wa Hoima wanaijua orodha ya namna hiyo tangu kutwaliwa kwa ardhi ya kiwanda cha kusafishia mafuta kule Kabaale: mti wa matunda una bei, shina la mgomba lina bei, kibanda kina bei. Bustani ya chumvi si zao wala jengo. Isipopewa mstari wake, mthamini atakuwa hana pa kuiandika, na atakachoandika ni ukubwa wa ardhi tupu isiyolimika, yenye bei ya chini kuliko zote.

Hatusemi kuna mtu amekuja kuichukua. Tunasema hamu ya mahali hapa inakua. Maji moto yale yanachunguzwa kwa ajili ya umeme wa jotoardhi, na visima vya kupima joto vilichimbwa mwaka 2020. Mafuta yanayovuja kwenye miamba ya Kibiro yalijulikana tangu enzi za ukoloni. Watalii wanaongezeka. Umeme tunautaka, na chemchemi ikipimwa vizuri huenda vyote viwili vikakaa pamoja. Lakini maji moto ndiyo yanayozipa bustani chumvi. Mradi wowote utakaobadili mtiririko wa Mukabiga kwa kiasi kidogo tu utabadili unyevu wa kila kipande kilicho chini yake, hata kama hakuna mtambo uliokanyaga bustani. Kwa hiyo uchunguzi wa athari za mradi upime mtiririko na ukali wa maji ya chemchemi kila mwezi, kiangazi na masika, kabla ya kuchimba chochote kikubwa, na vipimo hivyo vibandikwe ofisi ya LC 1, yaani halmashauri ya kijiji, ambako wenye bustani wanaweza kuvisoma.

Serikali yenyewe ilikwisha kuitambua thamani hii, ilipoiweka Kibiro mwaka 1997 katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Uganda ingependa yaingie kwenye urithi wa dunia. Orodha hiyo haimlipi mtu wala haimzuii mpimaji. Kinachoweza kumzuia ni ramani. Tunaiomba Bodi ya Ardhi ya Wilaya ya Hoima itume wapimaji wachore kila kipande, kwa jina la mwanamke anayekimiliki na jina la aliyemrithisha, na iweke mstari wa bustani ya chumvi katika orodha yake ya viwango, ikihesabu ardhi, udongo uliokolea na kibanda cha kuchujia kila kimoja peke yake. Hati zikitolewa zisiandikwe kwa jina la mume kwa sababu tu yeye ndiye aliyekuwepo nyumbani siku ya kuandikisha.

Wapimaji waje kati ya Januari na Februari, ziwa likiwa limetulia na mawe ya mipaka yakionekana. Waje saa za asubuhi, wenye bustani wakiwa kazini, kila mmoja amesimama kwenye kipande chake. Wakija masika watakuta majani na madimbwi, na wataandika kwamba hakukuwa na kitu.

Wasomaji wenu,
Kigorobya, Hoima